Garimoshi la Kwenda Lhasa

Marehemu baba yangu alijua kuhesabu Kichina hadi mia moja. Kusoma hakujua sana, hata Kiswahili chenyewe, lakini jioni akiwa ameshiba na moyo wake umetulia alituketisha sisi watoto mkekani akatuhesabia: yi, er, san, si, mpaka tukachoka kucheka. Hesabu hiyo aliipata kati ya Mlimba na Makambako, pale reli ya TAZARA inapoacha bonde la Kilombero na kuanza kupanda kwenda nyanda za juu, handaki baada ya handaki, daraja baada ya daraja. Alikuwa kibarua wa kubeba mataruma ya zege tangu 1971 hadi njia ilipofika Tunduma mwaka 1973. Alirudi nyumbani na baiskeli, kovu begani na hesabu hiyo.

Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na kila mwaka nilipofika kwenye somo la reli nilikuwa nikimtaja baba. Basi nilipostaafu, mtoto wa mdogo wangu aliyekuwa akisomea udaktari Lanzhou, huko kaskazini magharibi mwa China, aliniletea ujumbe: "Baba mkubwa, umewasimulia watu habari za reli ya Wachina maisha yako yote. Njoo uione waliyojijengea wenyewe, inayopita juu kuliko zote duniani." Sikuhitaji kusukumwa. Septemba 2018 nilikuwa Xining, mji mkuu wa jimbo la Qinghai, nikingoja garimoshi la usiku la kwenda Lhasa.

Lazima niseme kwamba mgeni haendi Tibet kama aendavyo Bagamoyo. Visa ya China peke yake haitoshi. Sharti upate kibali kingine kwa kupitia wakala wa safari, na ukishafika utembee na kiongozi aliyeandikishwa. Haya tuliyamaliza mapema. Lililonitia jasho lilikuwa jambo dogo zaidi: karatasi ambayo abiria hujaza akithibitisha kwamba anajua anakwenda mahali palipoinuka sana na kwamba hana maradhi ya kumzuia. Mimi nina shinikizo la damu, na nilikuwa nalo kwa miaka tisa wakati ule. Nilitia saini. Kijana aliniangalia akaniuliza, "Baba mkubwa, umeyasoma vizuri hayo?" Nikamjibu kwamba nimeyasoma. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari na alijua ninavyomeza vidonge kila asubuhi, lakini adabu ilimfunga mdomo. Sijivunii jambo hilo.

Tulipanda behewa la vitanda, vitanda sita kwa kila chumba kisicho na mlango. Kitanda kilichonikabili kilikuwa cha mzee mmoja wa Lanzhou, mstaafu, mwembamba kama ufito, mwenye chupa ya chai isiyokauka. Kijana alipomwambia nimetoka Tanzania, mzee aliinuka akasema kwa sauti, "Tan-Zan!" Hilo ndilo jina ambalo Wachina wa umri wake huiita TAZARA. Nikamwonyesha kwamba najua kuhesabu. Nilipofika kumi alipiga makofi, na tangu hapo nikawa mgeni wake.

Usiku ule tulipita kando ya ziwa Qinghai bila kuliona, tukaingia katika handaki la Guanjiao. Handaki jipya lilifunguliwa mwaka 2014 na lina urefu wa zaidi ya kilometa 32. La zamani lilikuwa na kilometa nne tu, lakini hizo nne zilikula watu. Kazi ya reli kutoka Xining kwenda Golmud ilianza mwaka 1958, ikasimama wakati wa njaa kubwa iliyoipiga China kuanzia 1959 hadi 1961, ikaanza tena mwaka 1974 mikononi mwa askari wajenzi wa reli. Makumi ya askari hao walikufa katika handaki lile la zamani. Mzee alilitaja kwa sauti ya chini. Nami nikafanya hesabu yangu ya mwalimu: mwaka huo wa 1974 wenzao walikuwa Zambia wakiimalizia reli yetu. Nchi moja, maskini wakati ule, ilikuwa ikichimba miamba katika mabara mawili kwa mpigo. Sehemu ya kwanza ya kwao, kilometa 815, ilikamilika mwaka 1979 na abiria wakaanza kuitumia mwaka 1984. Hapo Golmud ikakwama.

Golmud tulifika alfajiri. Ni mji usio na uzee. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 palikuwa na mahema na ngamia tu, wa msafara wa kupeleka chakula Lhasa, na husimuliwa kwamba jemadari Mu Shengzhong, alipoulizwa Golmud yenyewe iko wapi, alijibu kwamba ni hapo hapo walipopiga hema. Ngamia walikufa kwa maelfu njiani, na ndipo yeye akasimamia ujenzi wa barabara ya magari iliyofika Lhasa Desemba 1954. Kwa miaka zaidi ya hamsini kila gunia la unga na mfuko wa saruji ulipitia barabara hiyo kwa malori, siku kadhaa za kutetemeka. Pale stesheni waliikata injini ya umeme iliyotuleta, wakatufungia za dizeli. Zile za dizeli zilitengenezwa Marekani mahususi kwa njia hii, kwa kuwa injini nayo, kama binadamu, hukosa pumzi kwenye hewa nyepesi. Mzee alinionyesha jambo hilo akicheka kidogo.

Kwa nini reli ikakaa Golmud zaidi ya miaka 20? Mwandishi wa safari Mmarekani, Paul Theroux, aliandika mwaka 1988 kwamba milima ya Kunlun inatosha kuhakikisha reli haitafika Lhasa kamwe. Wengi walidhani hivyo. Lakini tatizo kubwa lilikuwa ardhi kuliko milima. Kwa kilometa zipatazo 550 njia hii hupita juu ya ardhi iliyoganda, udongo uliochanganyika na barafu ambao chini hauyeyuki kiangazi wala masika. Tabaka la juu lakini huyeyuka wakati wa joto likawa tope, kisha huganda wakati wa baridi likavimba. Jenga reli juu yake na miaka michache baadaye itakuwa imejipinda kama nyoka. Na ukijenga tuta la kawaida, tuta lenyewe hupeleka joto chini na kuharakisha maangamizi.

Hapa ndipo mzee alipokuwa na mengi ya kusema, maana ndugu zake wa kazi walikuwa miongoni mwa watu wa Lanzhou waliohusika. Mwaka 1961, reli ikiwa haipo hata kwenye ndoto za wenye akili, kilijengwa kituo kidogo cha upimaji mahali paitwapo Fenghuoshan, mita zaidi ya 4,700 juu ya bahari. Kazi ya watu wa kituo hicho ilikuwa kupima joto la udongo. Mchana na usiku, kiangazi na baridi, wakaandika tarakimu daftarini. Mwaka 1978 serikali iliahirisha reli. Wao wakaendelea kupima. Waliokuja vijana wakastaafu, wengine wakaja. Walipima kwa miaka 40 kabla taruma la kwanza halijalazwa. Mimi nimesoma habari za wafalme na majemadari wengi, na nakiri kwamba watu wale wa vipimajoto wamenigusa kuliko wengi wao.

Dawa waliyoipata si ya kupambana na joto, ni ya kuilinda baridi. Mahali pengine tuta limejengwa kwa mawe yaliyovunjwa vipande vikubwa: wakati wa baridi hewa nzito hupenya kati ya mawe ikaipoza ardhi, na kiangazi hewa moto hubaki juu. Mahali pengine utaona kando ya reli safu za vyuma vilivyosimama wima kama miwa iliyokatwa vichwa. Hivyo ni mabomba yaliyozikwa ardhini, ndani yake mna amonia. Joto la ardhi huigeuza amonia kuwa mvuke, mvuke hupanda, hupoa kwa upepo wa nje, hurudi chini kuwa maji, na kila safari imetoa joto kidogo. Haina moto wala umeme. Aliyekunywa maji ya mtungi anaielewa: jasho la mtungi likikauka linaondoka na joto, maji yanabaki baridi. Na pale ambapo udongo haukuaminika kabisa, wakaacha tuta wakajenga daraja juu ya nchi kavu. Njia nzima kutoka Golmud hadi Lhasa, kilometa 1,142, ina madaraja 675.

Ujenzi huo wa pili ulianza Juni 2001, na garimoshi la kwanza la abiria likapita Julai 1, 2006. Gharama ilikuwa kama yuani bilioni 33. Wafanyakazi walizidi laki moja, wakiwa na hospitali na vituo vya oksijeni njia nzima. Taarifa rasmi husema hakuna hata mmoja aliyekufa kwa ugonjwa wa mwinuko, na sifa nyingi hupewa daktari Wu Tianyi, aliyeutafiti ugonjwa huo kwa miaka mingi.

Kutoka Golmud njia ilipanda tu. Pakiti za karanga tulizonunua Xining zilivimba kama mipira. Watu husema mabehewa haya yanashindiliwa hewa kama ndege, si kweli. Oksijeni huongezwa katika hewa ya behewa, na kila abiria ana tundu lake la kuchomeka mpira wa puani. Nje hapakuwa na mti. Palikuwa na majani mafupi ya rangi ya simba, maji yaliyotuama, na theluji kwa mbali. Hapo ni Hoh Xil, hifadhi iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2017. Nilimwona swala wa Tibet, mmoja, kisha watano, wakitutazama bila hofu. Katika miaka ya 1980 na 1990 waliuawa kwa maelfu kwa ajili ya sufu yao laini, ambayo huko India ilifumwa shali nyepesi kiasi cha kupenya ndani ya pete. Mtibeti mmoja, Sonam Dargye, aliongoza doria dhidi ya majangili mpaka wakampiga risasi mwaka 1994. Reli ilipojengwa ziliachwa njia 33 za wanyama kupita. Mtu wa nchi iliyopoteza ndovu wengi namna ile hahitaji kuelezwa.

Ukumbini mwa behewa, chini ya dirisha, kuna viti vidogo vya kukunja. Hapo alikuwa ameketi bibi wa Kitibeti aliyepandia Golmud, pamoja na mjukuu wake wa kike. Alivaa joho zito, nywele zimesukwa, mkononi ana kigurudumu cha sala akikizungusha bila haraka. Niliomba kuketi naye. Maneno yalipita njia ndefu: bibi kwa Kitibeti, mjukuu kwa Kichina, kijana wangu kwa Kiswahili, na kurudi. Alikuwa akienda Lhasa kuhiji katika hekalu la Jokhang. Wazee wake waliwahi kwenda kwa miguu, miezi kadhaa, wengine wakisujudu kifudifudi kila hatua chache njia nzima. Nikamuuliza kama garimoshi ni jambo jema. Akagonga goti lake akacheka: kwa magoti haya, ni jema.

Karibu na Tuotuohe, ambapo reli huuvuka mto unaokuja kuwa Yangtze, aliacha kucheka. Alisimama, akaweka kiganja kwenye kioo. Mjukuu alieleza kwamba huko ng'ambo, kusini mwa mto, ndiko walikokuwa wakichunga yaki na kondoo. Mwaka 2004 wafugaji zaidi ya 400 wa eneo lile walihamishiwa kijiji kipya nje ya Golmud, kilometa zaidi ya 400 kutoka kwao, ili majani kwenye chanzo cha mto yapumzike. Walipewa nyumba na posho. Yeye, mjukuu, alizaliwa kabla kidogo ya kuhama, na malisho yale ameyaona kwa dirisha la garimoshi tu. Nilimkumbuka Mmaasai aliyeondoshwa Serengeti mwaka 1959 kwa sababu zinazofanana na hizo. Bibi aliendelea kusimama mpaka daraja likawa nyuma sana, kisha akaketi na kigurudumu kikaanza tena.

Nadhani nilitaka kumpa neno la kumliwaza, au labda kujigamba tu. Nikamwambia kwamba Wachina walitujengea na sisi reli, kwamba baba yangu alibeba mataruma yake. Alisikiliza tafsiri zote mbili. Kisha akauliza, "Hiyo ya kwenu huendeshwa na nani?" Nikasema, na sisi: madereva ni Watanzania na Wazambia. Akaitikia kwa kichwa, akageukia dirisha.

Mchana tukafika njia ya Tanggula. Stesheni yake ipo mita 5,068, na mahali pa juu kabisa pa reli ni mita 5,072. Kwa msomaji wa kwetu niseme hivi: kilele cha Lenana, ambacho wapandaji wengi wa Mlima Kenya huridhika nacho, kina mita 4,985. Nililala kitandani na mpira puani, nikiwa nimevuka juu kuliko Lenana. Pale hewa ina karibu nusu tu ya oksijeni ya Dar es Salaam. Kichwa kilipasuka, moyo ukapiga ngoma ya harusi. Kijana alinishika kifundo cha mkono akihesabu mapigo, uso umemkauka, na ndipo aliposema alilolimeza Xining: "Baba mkubwa, ungenifia hapa ningemwambia nini baba?" Sikuwa na jibu. Garimoshi halikusimama, lilipita tu, na baada ya kama saa moja, tukishuka kuelekea Amdo, maumivu yakaanza kulegea.

Ni katika kulala kule ndipo nilipolifikiri swali la bibi. Darasani nilikuwa nikifundisha kwamba reli ni reli. Lakini yetu tuliiomba. Benki ya Dunia ilikataa, mataifa ya Magharibi yakasita, na baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965 Zambia ikawa haina njia salama ya kupitishia shaba yake. Nyerere alikuwa amekwenda Beijing Februari mwaka huo. Kaunda akaenda 1967. Na Septemba 1967 makubaliano yakatiwa saini. Kilometa 1,860 kwa mkopo usio na riba. Wachina zaidi ya 60 waliokufa kazini wamelala katika ardhi yetu, na makaburi ya Gongo la Mboto hutunzwa. Si reli iliyofanikiwa kwa kila hali, ilichakaa mno, na mwaka 2024 marais wetu wawili walikuwa Beijing tena wakishuhudia makubaliano ya kuifufua. Lakini hata ubovu wake ni wetu. Reli ya Uganda, ya 1896 hadi 1901, haikuwa hivyo: Wanandi hawakuiomba, na kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa mwaka 1905 kwa kuipinga pamoja na waliokuja nayo.

Jeshi la China liliingia Tibet mwaka 1950, mkataba ukafuata 1951, uasi ukazuka Lhasa Machi 1959 na Dalai Lama akakimbilia India. Reli iliamuliwa Beijing. Imeshusha gharama za kusafirisha bidhaa, imewafikisha mahujaji wenye magoti mabovu. Vilevile imeleta wageni wengi wa kufanya biashara na kukaa, na askari hupita njia hiyo hiyo. Dalai Lama mwenyewe alisema ilipofunguliwa kwamba reli si mbaya kwa nafsi yake, inategemea inavyotumiwa. Machi 2008, haijatimiza miaka miwili, ghasia kubwa zilizuka Lhasa. Yule mzee wa Lanzhou sikumuuliza juu ya haya. Alinipa chai yake, alinifunika blanketi pale Tanggula, na kazi ya watu wake wa vipimajoto nitaiheshimu hadi kufa. Nilimwogopea kumuudhi, na nilijiogopea mimi mwenyewe kibali changu.

Lhasa tuliingia saa kumi na mbili jioni kwa saa ya Beijing, ambayo hutumika nchi nzima, kwa hiyo jua lilikuwa bado refu kama la saa kumi kwetu. Mji upo mita 3,600 na zaidi, na baada ya Tanggula nilivuta hewa yake kama niliyeshuka pwani. Nilitaka kumuaga bibi. Lakini sisi wageni tulitengwa kando kwa ukaguzi wa vibali, na kutoka pale foleni nilimwona akipita na mjukuu wake, mkono mmoja begani kwa binti, mwingine ungali na kigurudumu, akikanyaga taratibu kwa ajili ya magoti. Nikajikuta nazihesabu hatua zake kimoyomoyo, kwa Kichina cha baba. Kabla sijafika ishirini umati ulimfunika, na ofisa akaniomba pasipoti.